Insha Moja kwa Vyuo Vyote, au Kila Chuo na Yake?

Anayeomba nafasi katika vyuo vya Marekani hafiki mbali kabla ya kukutana na swali hili: niandike insha moja iliyoiva niitume kote, au nikae na kila chuo niandike upya? Walimu na wazazi huvutana juu yake, na kila upande una hoja za kweli. Lakini kabla ya kuvutana, tuangalie fomu zenyewe, maana zimeshajibu sehemu ya swali.

Common App, fomu ya pamoja inayopokelewa na vyuo zaidi ya 1,000, ina insha kuu ya maneno 250 hadi 650. Imekusudiwa isomwe na vyuo vyote unavyoomba. Unaweza kuibadilisha baada ya kutuma kwa chuo kimoja na kabla ya kutuma kwa kingine, ila sioni faida. Insha hiyo inauliza wewe ni nani, na wewe hubadiliki kwa sababu bahasha imebadilika. Chuo Kikuu cha California kimefunga mlango kabisa: unajibu maswali 4 kati ya 8, kila jibu lisizidi maneno 350, na majibu hayohayo husomwa na kila kampasi uliyoiomba. Ukiandika kwamba ndoto yako ni kampasi ya Berkeley, wa kampasi ya Los Angeles nao watalisoma. Uingereza ni hivyohivyo: maelezo binafsi ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya huko, yenye herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, huenda kwenye kozi zote unazoomba, hadi 5. Kuanzia udahili wa 2026 yamegawanywa katika maswali matatu, lakini bado ni andiko moja. Huko unaandikia kozi, si chuo.

Kwa hiyo ubishi wenyewe uko kwenye insha za nyongeza, zile fupi ambazo chuo huziweka pembeni ya insha kuu, hasa ile inayouliza, kwa namna moja au nyingine, "Kwa nini sisi?"

Wanaopinga kuandika upya kwa kila chuo wana neno zito, nalo ni muda. Common App inaruhusu hadi vyuo 20. Kila chuo kikitaka insha mbili tu za nyongeza, hizo ni 40, juu ya masomo na mitihani. Mwenye mshauri wa kulipwa atazimaliza. Asiye naye atakesha, na insha ya 31 itaandikwa na mtu aliyechoka. Hili ni suala la haki, na linaniuma. Wanasema pia kwamba kijana anayejipinda kufuata kila chuo huishia kuandika sifa za chuo badala ya kujieleza. Hapo wana haki kabisa.

Upande wa pili unasema jambo rahisi: ukiulizwa swali, lijibu. Wapo pia wanaokumbusha kwamba vyuo vingine hupima kama mwombaji anakitaka chuo kwa dhati. Hili halihitaji kubahatisha. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka taarifa iitwayo Common Data Set, na kipengele chake cha C7 huonyesha uzito wa kila kigezo cha udahili, pamoja na kiwango cha hamu ya mwombaji. Vingine hukipa uzito, vingine husema wazi kwamba hawakitazami. Kipengele hicho ni cha kusomwa kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Tatizo ni kwamba wengi hudhani kuandikia chuo ni kupachika jina lake. Tazama sentensi hii: "Nimevutiwa na walimu wenu mahiri, mazingira yenu ya kupendeza na wanafunzi wenu kutoka pande zote za dunia." Futa jina la chuo juu yake, weka jingine, sentensi haitikisiki. Hiyo si insha ya chuo chochote. Na hatari yake nyingine ni ile aibu inayojulikana, jina la chuo cha jana kubaki katika insha ya leo.

Sasa tuseme kuna binti aliyekua akimsaidia babu yake kutengeneza saa. Anaandika: "Babu alinifundisha kuisikiliza saa kabla ya kuifungua. Nataka kusoma fizikia mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia karakana na kuvunja kitu ili akielewe." Kisha anataja karakana yenyewe na somo lenyewe, alivyovikuta katika orodha ya masomo ya chuo hicho. Akiomba chuo kingine chenye nguvu katika historia ya sayansi, babu na saa wanabaki. Kinachobadilika ni anachokitafuta pale. Kurudia kisa chako katika vyuo vitano si uvivu wala udanganyifu, maana ni chako. Jibu la "kwa nini sisi" ndilo lisilorudiwa.

Mimi basi naegemea hapa: insha kuu iache ilivyo, insha ya "kwa nini sisi" iandike upya kila mara, na mzigo wa muda uupunguze kwa kupunguza vyuo. Vyuo 8 vyenye insha mbili mbili ni insha 16, kazi inayobebeka. Anza na kile unachokiomba kwa uamuzi wa mapema unaokufunga, maana tarehe yake ya mwisho mara nyingi ni 1 Novemba na ukikubaliwa ndiko unakokwenda. Na ukikaa saa nzima na orodha ya masomo ya chuo fulani, usipate hata kitu kimoja cha kuandika ambacho hungeweza kukiandikia chuo kingine, kitoe kwenye orodha. Saa zake zipe kile unachokitaka.