Kijana akitaka kukausha wanyama, mwacheni ajifunze

Juzi papa mmoja wa mtaani kwetu, mtu tunayemheshimu, alimkaripia mpwa wangu mbele ya wageni: "Mtoto wangu, kushikashika ngozi za wanyama waliokufa ni kazi ya wachawi. Umesomeshwa biolojia ili uje kufanya hiyo?" Kijana alikuwa amesema tu kwamba anatamani kuwa fundi wa wanyama wa makumbusho, yule anayemchuna mnyama, akaikausha ngozi na kumsimamisha tena kama alivyokuwa msituni. Akajibu "Samahani, papa," akainamisha kichwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Watu wa Goma ndio tungekuwa wa mwisho kuidharau kazi hiyo. Asubuhi mawingu yakifunguka tunauona mlima Mikeno. Kule juu, Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, alizikwa fundi wa kazi hiyo hiyo: Mmarekani Carl Akeley, aliyefia mlimani Novemba 1926 akiwa kazini. Na hifadhi tunayoiita Virunga, iliyoanzishwa 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji, ilipatikana kwa sehemu kubwa kwa sababu yeye alishikilia kwamba gorila wa milima hii walindwe.

Kwa nini yeye? Wazungu wenye bunduki walipita wengi kwenye milima hii, wakaondoka na ngozi na vichwa, wala hawakumwombea gorila kitu. Mimi naamini tofauti ilikuwa kazi yake. Alizaliwa 1864 katika familia ya wakulima jimbo la New York, akajifunza ufundi kwenye karakana moja ya Rochester. Enzi zile ngozi ilishonwa, ikashindiliwa majani makavu na matambara, mnyama akatoka amevimba, hana bega wala goti. Akeley aliikataa njia hiyo. Alimpima mnyama kila upande, akasimamisha mifupa, akaifunika kwa udongo wa mfinyanzi msuli mmoja baada ya mwingine, mpaka mguu uonekane umebeba uzito. Juu ya udongo alimwaga plasta apate kalibu, na ndani ya kalibu akatengeneza umbo jepesi, lenye uwazi ndani. Ngozi iliyokwisha kutiwa dawa ilivalishwa mwisho kabisa, ikabanwa kwenye kila kunjo. Mtu anayefanya kazi hivyo hawezi kumtazama mnyama juu juu. Lazima ajue kope inakaaje mnyama akichoka, na mdomo unalegeaje akitulia.

Alikuja kwetu 1921, na kundi lake likaua gorila watano. Sikatai, wala silipendi jambo hilo hata kidogo. Lakini aliketi na wale waliokufa, akachukua sura zao kwa plasta, akagusa paji la uso, pua, midomo. Aliandika mwenyewe kwamba ilimbidi ategemee ari yake yote ya sayansi ili asijione muuaji. Aliporudi kwao alianza kudai hifadhi. Mikono iliyoushika uso ule ndiyo iliyomfundisha, na hilo hakuna atakayenitoa.

Najua kuna watakaosema hifadhi iliwanyima wazee wetu mashamba. Ni kweli, na deni hilo halijalipwa. Najua pia kwamba waliombebea mizigo na kumwonyesha njia walikuwa watu wa hapa, na majina yao hayasikiki popote.

Gorila wale wako New York, kwenye ukumbi wa makumbusho uliofunguliwa 1936 na kupewa jina lake. Nyuma yao imechorwa milima yetu. Mchoraji William Leigh alipanda mwenyewe 1926 akafanya michoro yake papo hapo. Mtoto wa Marekani anafika na mwalimu wake, anasimama mbele ya gorila wa Mikeno, anaona hata majani ya kule. Mtoto wa Goma, aliyezaliwa chini ya mlima huo huo, hana pa kumwona. Kibali cha kupanda hakinunuliki kwa mshahara wa hapa, na vita vimefunga njia mara ngapi? Halafu anapotokea kijana wetu mmoja anayetaka kuujua ufundi huu, tunamwita mchawi!

Nasema wazi: hatuhitaji kuua mnyama hata mmoja. Wapo wanaokufa kwa uzee, kwa mitego, kwa magari. Pia tuna akiba tayari. Pale Lwiro, karibu na Bukavu, kuna mikusanyo ya ndege, samaki na wanyama iliyoanzishwa na watafiti wakati wa Wabelgiji. Ngozi ya zamani inataka mtu: unyevu unaiharibu, wadudu wanaitafuna, na nyingi za enzi zile duniani zilitiwa aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo haziguswi bila glavu.

Kwa hiyo mpwa wangu aanze na panya wa jikoni, au ndege aliyegonga dirisha. Ajifunze kuchuna bila kupasua kope, na kuandika kibandiko siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, vipimo, dume au jike, maana ngozi isiyo na kibandiko haimfai mtafiti yeyote. Likizo ikifika aende Lwiro akaombe kujifunza. Nauli ya boti nitalipa mimi.