Nahodha na Mimi Iliyokataa Kukaa

Nahodha alikuja dukani kwangu kuchaji simu tu. Duka lenyewe ni kichochoro kilichotiwa mlango, nyuma ya Usita wa Mui hapa Lamu: kompyuta moja, printa yenye tabia ya kutafuna karatasi, na kiti cha mteja. Akikaa pale kusubiri chaji ndipo akamkumbuka bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, aliyezoea kukodi mashua yake kwenda Takwa na aliyemwahidi kumnunulia tanga jipya. Ahadi imelala. Akataka nimwandikie barua ya kuiamsha.

"Kwa adabu," akasema. "Yule ni mtu mzima."

Sasa Nahodha si mtu wa kutia saini kitu asichokielewa. Kasoma chuo cha Kurani, Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, na huko herufi hubadilika umbo kulingana na ilipokaa katika neno, lakini hakuna kubwa wala ndogo. Kwa hiyo kila nilipobonyeza herufi kubwa, kidole chake kiliniwahi kwenye kioo. Hii mbona imeinuka? Mwanzo wa sentensi, Babu. Na hii? Lamu, jina la mji. Hii je? Ijumaa. Siku na miezi Waingereza huipa kubwa.

"Na punda wangu?"

"Punda hivi hivi, ndogo. Ukimtaja jina lake, Safari, kubwa."

"Na mimi nahodha?"

Nikamweleza kwamba captain hupata kubwa ikitangulia jina la mtu. Ikiwa peke yake, ndogo.

"Yaani punda ana kubwa yake ya kudumu, mimi nikitajwa bila jina nashushwa cheo!"

Tungepona hapo, lakini tukafika kwenye I.

"Nani huyu kasimama kama mlingoti kila mahali?"

"Ndiwe, Babu. Hiyo ni mimi."

Akavua miwani. "Mimi ndiye muombaji, na ndiye niliyesimama wima. Na yeye ninayemuomba?" Nikamwonyesha you, na y yake ndogo. "Hawa watu hawana haya!"

Nikawatetea Waingereza, ingawa hakuna aliyenilipa. Nikasema si kiburi: zamani, kwenye mwandiko wa mkono, i ndogo iliyo peke yake ilikuwa ikipotea katikati ya vistari vya herufi nyingine, waandishi wakairefusha ionekane. Hakunisikiza. Ana mpwa wake Malindi anayefanya kazi na Wataliano, naye kamwambia kwamba Mtaliano akiandika barua ya heshima, Lei ya kumheshimu mwenziwe huipa kubwa, na io, ambayo ndiyo mimi yao, huiacha ndogo.

"Hao ndio watu," akasema. "Andika vivyo."

Programu nayo ina msimamo wake. Kila i niliyoiandika, nikigusa tu kitufe cha nafasi, hiyo imesimama.

"Imeinuka tena! Ikalishe!"

Naikalisha.

"Na ile!"

Naikalisha. Wateja mlangoni wananung'unika, muuza kahawa kaingia na dele lake kutazama, na badala ya kuuza akawa msaidizi: "Iko moja chini kule, Nahodha, imesimama, naiona." Mwishowe nikaizima ile huduma ya masahihisho na zote zikakaa kitako.

Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: My sail is torn, and i have no hope but You. Tanga langu limechanika, nami sina tegemeo ila Wewe. Akanisomesha tena, akatikisa kichwa kwa raha, nikaituma.

Jibu likaja. Bibi anasema kalia machozi. Barua kaipeleka kanisani kwake, na kasisi kaisoma Jumapili mbele ya waumini, maana kwa wacha Mungu wengi wa Kiingereza, You yenye kubwa katikati ya sentensi huandikiwa Mungu. Watu wameguswa mno na unyenyekevu wa baharia huyu, na hasa mfano wake wa tanga lililochanika. Kuhusu tanga lenyewe, la turubai, hakuna neno.

Nahodha aliganda. "Nimemwandikia mwanamke kama anavyoandikiwa Mola?"

Astaghfirullahi zikafuatana kutoka dukani hadi Mkunguni mbele ya ngome, mimi nyuma nikivutwa mkono wa shati, nikionyeshwa kwa kila aliyekaa: "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyetaka kuniingiza katika shirki!" Wazee wakacheka mpaka bao likasimama. Mmoja akauliza natoza shilingi ngapi kwa ukurasa.

Nikadhani yameisha. Akarudi.

"Andika nyingine. Herufi zote kubwa. Asiwepo wa kuinuka wala wa kukaa."

Nikamwambia Waingereza wakiona herufi kubwa tupu huhisi wanafokewa. Nikajitia kujua, nikamtolea mfano wa jeshi la majini la Marekani: mashine zao za kale za ujumbe zilikuwa na herufi kubwa peke yake, desturi ikabaki hata baada ya mashine kufa, hadi 2013 ndipo walipoacha kulazimishana kuandika hivyo.

"Hao ni watu wa bahari?"

"Ndio, Babu, lakini..."

"Na mimi?"

Ikaenda: DEAR MADAM. MY SAIL IS TORN. YOU PROMISED. I AM WAITING. THANK YOU. Hata ile shukrani ilitisha.

Safari hii jibu halikulala. Pesa za tanga, na za kamba zake ambazo hatukuziomba, pamoja na radhi nyingi, na ombi kwamba Nahodha tafadhali asiendelee kukasirika.

Tangu hapo kahamia kwenye kiti cha mteja, anatoa ushauri bure. Anayedai kodi ya nyumba: kubwa zote. Mwenye malalamiko ya bili ya maji: kubwa zote. Jana kaniletea kijana wa Mkomani anayetaka kumwandikia barua ya posa baba wa msichana aliyezaliwa London. Nikawaambia printa imeharibika.