Kikapu kikubwa katika kituo cha Pimisi

Ukishuka treni katika kituo cha Pimisi mjini Ottawa, Kanada, utakutana na sanamu ya mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka), kikapu kikubwa kupita kiasi, na uzio wenye sura ya miti ya betula, miti ya nchi za baridi yenye gome jeupe. Ni kazi za Nadia Myre, msanii wa Waalgonquin, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kutoka jamii yao ya Kitigan Zibi. Kituo chenyewe, kilichofunguliwa 2019, kimepewa jina la mkunga kwa Kialgonquin.

Anayetaka kujua kwa nini watu walizishangilia kazi hizi, atazame sanamu ya zamani. Mwaka 1915 Champlain, mvumbuzi Mfaransa, alisimamishwa juu ya kilima cha mji huohuo, na baadaye akaongezewa mwenyeji aliyepiga goti chini yake, asiye na jina. Mwenyeji huyo alikusudiwa kuwa na mtumbwi, fedha zikaisha. Kitu pekee ambacho kingeonyesha ufundi wa watu wake ndicho kilichokosa bajeti! Viongozi wa wenyeji walilalamika miaka ya 1990, na 1999 akahamishiwa bustani ya jirani. Pimisi ni kinyume chake: mwenyeji hachongwi na mgeni, anachonga mwenyewe, tena hapigi goti.

Wanaozipinga kazi hizi nao wana hoja nzito. Mwaka 2016 Kitigan Zibi walikwenda mahakamani kudai ardhi ya katikati ya Ottawa, ikiwemo Parliament Hill, kilima cha bunge la Kanada, na LeBreton Flats, mahali kituo kilipo. Ardhi hiyo hawakuwahi kuikabidhi kwa mkataba wowote. Kumpamba mtu ukutani huku unabishana naye mahakamani kuhusu ukuta huohuo ni adabu ya ajabu kidogo. Naye mkunga? Samaki huyu huzaliwa baharini, hupanda mto kukua, kisha hurudi baharini kuzaa. Mabwawa ya umeme yamemzibia njia, na mashine za mabwawa hayo humkatakata anaposhuka. Katika mto Ottawa amebaki wachache sana. Sanamu yake inaonekana kirahisi kuliko yeye mwenyewe.

Mimi siafiki kwamba sanamu ingesubiri mpaka kesi iishe. Kesi za ardhi huzeesha watu, na mtoto wa Kialgonquin anapanda treni leo. Ninachohoji ni kikapu. Kikapu cha asili, kwa mfano cha gome la betula, kina maarifa mengi: kujua mti upi, ubanduliwe msimu gani, na jinsi ya kuushona kwa mizizi ya msprusi, mti wa jamii ya misonobari. Kikikuzwa kiwe cha kutazamwa na abiria, umbo linabaki, mikono inasahaulika.

Ndiyo maana kazi inayonivutia zaidi kituoni hapo ni nyingine: makafi 100 yaliyopakwa rangi na wasanii Waalgonquin, chini ya uratibu wa Simon Brascoupé. Hapo kazi iligawanywa kwa wengi, nao wakalipelekea jiji kitu wanachokitumia majini. Jiji likiagiza sanamu nyingine, sehemu ya fedha ingefaa iende kwa mafundi wanaofundisha vijana kubandua gome.