Theluji ya Klondike isipakwe kabla ya kujua jiko liko wapi

Nimechoka na michoro ya bustani za burudani inayoonyesha mji wa dhahabu wa kaskazini umefunikwa theluji, na katikati yake mchimbaji ameinama kijitoni anaosha mchanga kwa karai. Kijito gani hicho? Kule Dawson City, mji wa wachimba dhahabu wa eneo la Klondike, Kanada, majira ya baridi ya 1897, vijito viliganda.

Kazi ya msimu ule ilikuwa moto. Dhahabu ililala juu ya mwamba, chini ya ardhi iliyoganda. Wachimbaji waliwasha kuni shimoni jioni zikaungua usiku kucha, asubuhi wakachimba sentimita 30 hivi zilizolainika, wakavuta changarawe kwa ndoo na winchi ya mkono, wakairundika. Kuiosha kulisubiri maji yafunguke. Basi tuonyesheni winchi, marundo, magogo, na mvuke unaopanda shimoni ukimulikwa na taa ya rangi ya chungwa kutoka chini. Wageni watataka kuosha dhahabu, nakubali. Beseni liwekwe ndani ya kibanda: wachimbaji nao walijaribu changarawe ndani, kwa theluji iliyoyeyushwa jikoni.

Moto huohuo ndio unaopanga theluji ikae wapi. Paa la nyumba yenye jiko liwe wazi kuzunguka dohani, na ukingoni lining'inize michirizi ya barafu, kwa sababu maji yaliyoyeyuka hugandia pale penye baridi. Ghala lisilo na jiko libebe theluji nene, bila mchirizi hata mmoja. Theluji ya faibaglasi ikipakwa nyeupe tupu huonekana kama chokaa juani; pande za kivuli zitiwe buluu kidogo. Ipewe mteremko pia, la sivyo maji ya mvua yatatuama na kuotesha ukungu wa kijani.

Hata majengo ya Dawson yaliyoinama yanatokana na joto: la ndani liliyeyusha ardhi ya chini, msingi ukatitia. Uinamisheni ukuta wa nje tu. Fremu na milango vibaki wima na sakafu ilale sawa, maana mlango uliopinda hukwama kila siku.

Nyimbo za Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa asili wa eneo hilo, zisiguswe bila ruhusa yao. Wachimba dhahabu walipofurika, chifu wao, Isaac, aliwahamishia watu wake kijiji cha Moosehide, na nyimbo akazikabidhi kwa ndugu zao Alaska ili zisipotee. Hizo si muziki wa foleni.

Njia isiwe nyeupe; viatu vitaichafua kabla ya saa sita. Mimina zege la rangi ya tope, lenye alama za kwato na magurudumu zilizo pana na zisizo na kina kirefu, kiti cha magurudumu kisinase. Mbao za kibaraza zilazwe kukatiza mwendo wa watu, nafasi kati yake isizidi milimita 13. Mashine ya povu la theluji ielekezwe mbali na kibaraza hicho, kwa kuwa mbao zenye povu huteleza.