Gemu iliyofungwa kwenye plastiki haijahifadhiwa

Agosti 2021, nakala moja ya Super Mario Bros. isiyowahi kufunguliwa iliuzwa kwa dola milioni 2. Wengi walishangazwa na bei. Mimi nilikereka kwa sababu nyingine: mauzo kama hayo huitwa kuhifadhi historia, wakati kaseti ile haitachezwa na mtu yeyote. Imegeuka hisa. Tena Super Mario Bros. ndiyo gemu isiyohitaji mwokozi, maana nakala zake zimejaa dunia nzima.

Zinazopotea ni zile zisizo na mnada. Mwaka 2023, mashirika ya uhifadhi wa gemu na programu, Video Game History Foundation na Software Preservation Network, yalitoa utafiti wao kuhusu gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010: asilimia 87 haziuzwi tena popote. Anayezitaka atafute kaseti ya mtumba na mashine ya kuichezea, au aingie kwenye uharamia.

Na mtumba nao unakufa. Kampuni ya Capcom iliziwekea bodi zake za CPS-2, zilizoendesha gemu za mashine za sarafu, betri ya kutunza ufunguo wa kusomea programu. Betri ikiisha, ufunguo unafutika na bodi haifai kitu. Waliozifufua bodi hizo ni wapenzi wa gemu waliokaa wakaufumbua wenyewe usimbaji, yaani kufuli la programu hizo. Hata mashine nzima ikiwa salama, gemu yaweza kugoma. Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kulenga bata, ilitegemea jinsi runinga za kichogo zilivyochora picha. Iunganishe na runinga bapa ya leo, na bata hafi hata umwekee mtutu kwenye mdomo.

Gemu za mtandaoni zina balaa lake. P.T., gemu ya kutisha ya Konami, ilitolewa bure mwaka 2014, ikaondolewa dukani mwaka uliofuata. Aliyeifuta kwenye PlayStation 4 yake hana pa kuipakua tena. The Crew ya Ubisoft ilizimiwa seva mwaka 2024, na hata mwenye diski mkononi, aliyetaka kuendesha gari peke yake bila kumsumbua mtu, hakuweza tena.

Ndiyo maana siwaoni watengenezaji wa emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani, kama wezi. Mradi wa MAME, ulioanza 1997, umeokoa gemu za mashine za sarafu ambazo wenye hakimiliki walishazisahau. Najua emuleta hutumika pia kuchezea gemu mpya bila kulipa, na hilo silitetei. Lakini Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti, wakiwa mbali, gemu zisizouzwa tena. Hoja ya kampuni za gemu ilikuwa kwamba watu watazicheza kwa starehe. Jamani! Anayeazima riwaya maktaba huulizwa kama ataifurahia?

Kuna kitu kingine ambacho wakusanyaji wa kaseti hawakigusi kabisa, nacho ndicho kinachoniuma zaidi: msimbo chanzo (maandishi ya programu kama alivyoyaandika mtengenezaji), michoro, barua za ofisini, matoleo yaliyotupwa njiani. Kaseti inakuonyesha kilichomalizika tu. Jordan Mechner, mtunzi wa gemu ya Prince of Persia, alidhani msimbo wa toleo lake la kompyuta ya Apple II umepotea, hadi 2012 baba yake alipokuta diski zake kabatini. Wataalamu wakazisoma, naye akauweka hadharani, na leo mwanafunzi yeyote anaweza kuona jinsi mwendo ule laini ulivyobanwa kwenye kumbukumbu ndogo kiasi kile. Huo ulikuwa msimbo wa mtu mmoja mwenye baba asiyetupa vitu. Kampuni huhama ofisi, hufilisika, hununuliwa, na hakuna anayepekua makabati.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye sheria: kampuni inayozima seva au kuacha kuuza gemu iache nakala inayochezeka na msimbo wake katika maktaba ya umma, hata kama msimbo huo utafungwa kwa miaka kadhaa. Hakimiliki ibaki yao.