Kupanda miti taunshipu za Sauzi: nani anamwagilia Desemba?

Kila ikifika wiki ya kwanza ya Septemba Sauzi wana Wiki ya Miti, na picha zinazotoka kwenye shule za taunshipu, ile mitaa ya pembezoni waliyotengewa Waafrika enzi za ubaguzi, huwa ni zile zile: meneja wa kampuni kavaa tisheti ya kampeni juu ya shati la ofisini, mwalimu mkuu anatabasamu, watoto na sare zao wameshika majembe ambayo stika ya dukani haijabanduka, na katikati yao kuna kijiti chenye majani manne. Baada ya hapo ni ubishi. Kuna wanaosema hii ni haki iliyocheleweshwa kwa watu walionyimwa hata kivuli, na kuna wanaosema ni usanii mtupu. Mimi naona pande zote mbili zina hoja nzito kabisa, ila zinabishana kuhusu siku ya kupanda wakati miradi hii inakufa au inapona kwenye likizo ya Desemba.

Tuanze na wanaoitetea, maana wana historia mkononi. Taunshipu hazikukosa miti kwa bahati mbaya. Tangu sheria ya mwaka 1923 ya kuwatenga Waafrika mijini, halafu ile ya Group Areas ya 1950 iliyogawa makazi kwa rangi, watu walipangiwa kukaa pembezoni, na Soweto ikawekwa upande wa marundo ya mchanga wa migodi ya dhahabu, vumbi likivuma linaingia mpaka kwenye sufuria. Mitaa ya kaskazini ya Johannesburg ikapandwa miti mpaka leo ukiwa juu kwenye ndege unadhani ni msitu. Utafiti uliotoka 2020 ulipima nchi nzima kwa kutumia satelaiti na ukakuta maeneo wanayoishi zaidi wazungu yana miti zaidi kwa karibu asilimia 12, na wakazi wake wako karibu na bustani ya umma kwa kama mita 700 kuliko wengine. Hayo ni matokeo ya miaka 26 baada ya uchaguzi wa 1994, sio ya zamani za kina Verwoerd, waziri mkuu aliyeujenga ubaguzi. Kwa hiyo mtu akikwambia miti ni anasa ya matajiri, muulize mbona matajiri hawaing'oi ya kwao.

Na hawa watetezi hawajakaa wakilalamika tu. Shirika la Food & Trees for Africa lilianza 1990, likaja na mpango wa EduPlant wa kufundisha shule kulima chakula. WESSA, shirika la mazingira la tangu 1926, likaleta Eco-Schools, mpango wa mazingira mashuleni, mwaka 2003. Jiji la Johannesburg likaanzisha Greening Soweto mwaka 2006, lengo lilikuwa miti laki mbili kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Lakini Cape Town ndo kuna mfano ninaoupenda, Abalimi Bezekhaya, shirika la kilimo cha mijini lililoanza 1982, wanafanya kazi taunshipu za Khayelitsha na Nyanga, na wakulima wao wengi ni akina mama watu wazima, bibi kabisa, wanaolima kwenye mchanga wa Cape Flats ambao ukiumwagia maji yanapotea kama umemwaga kwenye chujio. Wameujaza mboji na samadi mwaka baada ya mwaka mpaka ukaanza kutoa spinachi. Huwezi kuwaita hao wasanii.

Sasa hata hapo wapinzani wana la kusema, na sio dogo. Abalimi walipoanzisha Harvest of Hope, mradi wao wa kuuza mboga, mwaka 2008, maboksi ya mboga za kutoka taunshipu yalikuwa yanaenda kuuzwa kwa familia za mitaa ya wenye nacho. Mkulima anapata hela, sawa, hilo sina ugomvi nalo hata kidogo, hela ni hela. Ila ripoti za wafadhili duniani kote zinapenda kuandika kwamba bustani zinaondoa njaa kwenye jamii, wakati karoti nzuri imepanda gari imeenda upande wa pili wa mji. Kama mradi ni wa kipato uitwe wa kipato, na upimwe kwa kipato.

Shuleni ndo hesabu inagoma zaidi. Mpango wa taifa wa chakula shuleni, ulioanza 1994, sasa unalisha wanafunzi zaidi ya milioni 9, na bustani za shule ni sehemu ya mpango huo. Chukua shule moja ya watoto 1,000, kila mmoja umpe gramu 60 tu za mboga ya majani, tayari ni kilo 60 kwa siku moja. Matuta kumi nyuma ya darasa hayatoi kilo 60 kila siku, hata mwalimu awe na mkono wa kijani kiasi gani. Kinachotoka pale ni nyongeza, ni siku mbili tatu za mboga fresh, ni mtoto kujua mbegu inavyoota, na hiyo ni faida ya kweli ila ni faida ndogo, na ukiiuza kama suluhisho la njaa unawapa wapinzani fimbo ya kukuchapia.

Halafu kuna suala la pointi. Chini ya B-BBEE, utaratibu wa Sauzi wa kuwainua watu weusi kiuchumi, kampuni ikitumia asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwenye miradi ya kijamii inapata pointi kwenye kadi yake ya alama, na hizo pointi zinaisaidia kupata tenda. Wengi wanalichukulia hili kama kashfa, mimi hapana, bila hilo nadhani nusu ya hela isingefika kabisa. Shida yangu ni kwamba hela ikishatumika na risiti ikapatikana, pointi zimeingia. Mti ukifa wiki ya tatu pointi hazirudishwi, na bili ya maji ya kuumwagilia haimfuati aliyepanda, inabaki hapo shuleni. Na hizi shule nyingi za taunshipu ni zile zisizotoza ada, bajeti yake ni ruzuku ya serikali, kamati ya shule inakaa kuamua kati ya kurekebisha choo, kununua karatasi na kumwagilia mche wa watu. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Kuna lingine linalosemwa kwa sauti ya chini kwa sababu halipendezi kwenye mikutano. Ardhi. Kiwanja kinachoitwa wazi na watu wa mipango miji, anayekaa kwenye kibanda cha mabati anakiona ni sehemu ya kujenga, au ni njia ya mkato ya kwenda kupanda teksi alfajiri. Ukijaza vichaka pale bila taa unamtengenezea kibaka maficho, akina mama wanaopita saa kumi na moja asubuhi hawatakushukuru. Mtu akiukata huo mti usikimbilie kusema watu wa taunshipu hawajali mazingira. Kwa upande mwingine kiwanja kikiachwa hivi hivi kinageuka dampo, na pale Moroka, Soweto, bustani ya Thokoza imeonyesha kwamba sehemu ikihudumiwa watu wanaijaza wenyewe wikiendi. Neno la msingi hapo ni kuhudumiwa.

Aina ya miti nayo ina vituko vyake. Karne ya 19 waliletewa mgunga wa Australia, ule wanaouita Port Jackson, ili uzuie mchanga wa Cape Flats usipeperuke, leo ni gugu linalonyonya maji na kufukuza mimea ya asili, na wanalipa watu kuukata. Johannesburg yenyewe kiasili ni nyika ya majani, sio msitu, kwa hiyo kujaza miti kila mahali sio kurudisha asili kama vipeperushi vinavyodai. Na tangu 2017 kuna mdudu mdogo wa milimita mbili hivi aliyegundulika Sauzi, anatoboa shina na kupanda fangasi ndani, na amekula sana miti ya kigeni ya mijini. Miti ya kwao kama karee na mwiba mtamu inavumilia ukame, basi waanze na hiyo, tusonge mbele.

Nirudi kwenye kalenda, kwa sababu naona ndo penye siri na hakuna anayeipigia kelele. Sauzi ina misimu miwili ya mvua inayopishana. Johannesburg mvua inaanza kama Oktoba hadi Machi, Cape Town inanyesha majira ya baridi, Mei hadi Agosti, halafu kiangazi chake ni kikavu kweli kweli. Sasa angalia siku ambazo nchi nzima inapanda. Julai 18 ni Siku ya Mandela, watu wanatoa dakika zao 67 za kujitolea: Cape Town ni muda mzuri wa kupanda, lakini Soweto ni baridi kavu na asubuhi kuna barafu juu ya majani, mche mchanga unaungua. Wiki ya Miti ya Septemba ni kinyume, Soweto angalau wiki chache mbele kuna mvua, ila Khayelitsha mvua ndo inaaga na mche unaingia miezi mitano ya upepo na jua ukiwa hauna mizizi. Serikali nayo Septemba 24, 2025 ikafanya kampeni ya miti milioni moja kwa siku moja, nchi nzima kwa mkupuo. Kama tangazo, safi. Kama kilimo, tarehe moja haiwezi kufaa Gauteng, jimbo la Johannesburg, na Cape kwa pamoja.

Juu ya hapo weka likizo. Shule zinafunga Desemba na kufungua katikati ya Januari, geti linafungwa, mwalimu aliyekuwa anabeba bustani yote mgongoni (karibu kila shule ni mwalimu mmoja, akihamishwa bustani imeisha) amesafiri kwao Eastern Cape au Limpopo, watoto hawapo. Cape Town hicho ndo kipindi kibaya kuliko vyote. Mwaka 2018, wakati wa ule mgao wa kuogopa bomba kukauka, kila mtu alipewa lita 50 kwa siku kuanzia Februari 1 na kumwagilia kwa maji ya bomba kulikuwa marufuku, kwa hiyo bustani isiyo na kisima wala tangi ilikuwa haina pa kushika.

Kwa hiyo niko upande gani? Niko na wanaopanda, ila kwa masharti ya wapinzani. Mradi usio na jina la mtu wa kumwagilia Desemba na posho yake usianze. Na hela ya huyo mtu ipo, mpango wa kazi za umma wa EPWP tangu 2004 umekuwa ukilipa watu posho kwa kazi hizi hizi, tatizo mikataba yake ni mifupi, inaisha kabla mti haujajitegemea, na mti unahitaji walau viangazi viwili. Mikataba ipangwe kwa kufuata mti. Kampuni nayo ipewe nusu ya pointi siku ya kupanda na nusu nyingine Februari ya mwaka wa pili, mtu aende na daftari ahesabu iliyo hai, na kama kuna kumi basi walipwe kwa kumi. Nina uhakika mwaka huo idadi ya miti inayopandwa itashuka vibaya sana, na mimi sina shida na hilo.