Muhuri mmoja, sarafu ngapi?

Mshike mkononi bundi wa Athens, sarafu ya fedha ya karne ya 5 K.K., gramu 17 na kidogo. Upande mmoja kuna kichwa cha Athena, mungu wa kike wa mji huo. Upande wa pili kuna yule ndege ambaye kwetu akilia usiku juu ya paa, watu hawalali. Daftari la kuonyesha zilichapwa ngapi halipo, ila kila sarafu imebeba alama za chombo kilichoizaa, yaani muhuri wa chuma au shaba nyeusi uliochongwa kwa mkono. Fundi hawezi kuchonga nyuso mbili zikalingana kila mstari, kwa hiyo sarafu mbili zenye nywele zilezile na ufa uleule zimetoka kwenye muhuri mmoja.

Mihuri ilikuwa miwili. Wa chini ulikazwa kwenye fuawe, na wa juu ulishikwa kwa mkono na kugongwa nyundo. Wa juu ndio uliopokea pigo lenyewe, ukachakaa mapema. Ndiyo maana wataalamu huhesabu wa chini.

Tuseme umekusanya sarafu 100 za toleo moja, ukazilinganisha, ukapata mihuri 40. Je, ipo mingine ambayo sarafu zake hazijakufikia? Warren Esty, mwanahisabati wa Marekani, amependekeza njia nyepesi: zidisha 100 kwa 40, kisha gawanya kwa tofauti yao, 60. Jibu ni kama 67. Kadiri kila muhuri unavyojirudia katika sampuli yako, ndivyo iliyojificha inavyopungua. Mimi hatua hii naiamini, kwa sharti kwamba sarafu zimekufikia kwa kuchanganyika. Akiba iliyofukiwa karibu na mahali pa kuchapia, siku chache baada ya kuchapwa, hujaa ndugu wa muhuri mmoja na kuipotosha hesabu.

Ugomvi uko kwenye hatua ya pili. Ukishajua mihuri ni 67, unaizidisha kwa ngapi ili upate sarafu? Jibu linalorudiwa sana ni 20,000, na msingi wake mkubwa uko Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki penye hekalu la Apollo. Baada ya Vita Vitakatifu vya Tatu, vilivyokwisha mwaka 346 K.K., Wafokia, majirani wa Delphi waliokuwa wamepora hazina ya hekalu hilo, walitozwa faini. Miaka kadhaa baadaye baraza la hekalu, Amphiktionia, likaifanya fedha iliyokuwapo sarafu mpya, na hesabu zikachongwa kwenye mawe ambayo kwa sehemu tunayo. Mtaalamu wa sarafu Philip Kinns aliyaweka mawe hayo kando ya mihuri inayojulikana, akapata kati ya takribani 23,000 na 47,000 kwa kila muhuri wa chini.

Angalia upana wa pengo hilo. Talanta moja, kipimo kikubwa cha fedha cha Wagiriki (ileile ya mfano wa watumwa katika Mathayo), ni drakma 6,000, yaani sarafu 1,500 za drakma nne kama huyu bundi. Mapokeo ya Athens yanasema kiongozi wao Themistokle aligawa talanta 100 za fedha ya migodi ya Laurion kwa matajiri 100, kila mmoja ajenge merikebu moja ya vita. Kwa kiwango hicho, muhuri mmoja wa bundi ungelipia merikebu 15 au 31. Na huo ndio ushahidi bora tulio nao.

Mtaalamu wa sarafu Theodore Buttrey hakuuvumilia. Katika miaka ya 1990 aliandika makala mfululizo, moja ikitamka tangu kichwa chake kwamba jambo hili haliwezekani. Mawe ya Delphi hayasemi ni sehemu gani ya fedha iliyogeuzwa sarafu kubwa na ni ipi ndogo. Muhuri mmoja hupasuka asubuhi ya kwanza, mwingine huwekwa kando ukiwa mzima kwa sababu fedha imekwisha. Kumbukumbu za Uingereza ya zama za kati, ambako mihuri na fedha vyote viliandikwa, zinaonyesha idadi kwa muhuri ikipanda na kushuka vibaya mno. Wastani wa vitu vya namna hiyo, kwake, ni njozi iliyovishwa tarakimu.

François de Callataÿ, mtaalamu wa sarafu wa Ubelgiji, alimjibu kwamba mihuri ikiwa mingi, ile mibovu na ile imara hufidiana. Tena mwanahistoria anayekataa kukadiria hubaki na maneno kama “nyingi” na “chache”, ambayo nayo ni makadirio, ila yasiyoweza kukaguliwa. Hoja hii ya mwisho inanigusa. Anayetaja 20,000 anaweza kusahihishwa, lakini anayesema “nyingi” utamshikia wapi?

Hata hivyo, kimbilio la kawaida la watetezi, kwamba tuache idadi kamili tulinganishe tu mji na mji, halina usalama unaodhaniwa. Kulinganisha kunadai mihuri ya pande zote mbili iwe na umri uleule. Mji uliotumia chuma na uliotumia shaba nyeusi, sarafu nzito ya drakma nne na kijisarafu cha nusu drakma, havikuchosha muhuri kwa kiasi kimoja. Ndani ya mji mmoja na aina moja ya sarafu, miaka kwa miaka, ulinganisho huo naukubali. Nje ya hapo, mtu akinipa jumla bila kima cha chini na cha juu, siipokei.

Na hata kima hicho husomeka kwa njia mbili. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema hazina ya Uajemi iliyokusanywa katika mji wa Ekbatana chini ya Aleksanda Mkuu ilifika talanta 180,000. Kama yote ingechapwa sarafu za drakma nne, kwa 20,000 kila muhuri, ingehitajika mihuri ya chini 13,500. Ikipatikana michache kuliko hiyo, mmoja atasema sehemu kubwa ya hazina haikuwahi kuwa sarafu. Mwingine atasema mihuri yake ilidumu kuliko tunavyofikiri. Kuhesabu mihuri peke yake hakuwezi kuwaamulia.